Watani wa Jukwaani: Usomaji wa Barua za T. S. Eliot na Groucho Marx

Mnamo mwaka 1961 mshairi T. S. Eliot, aliyekuwa na umri wa miaka 72 na ambaye alikwisha kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1948, alimwandikia mchekeshaji wa Marekani, Groucho Marx, akimwomba picha yake. Groucho alimpelekea picha rasmi iliyopigwa studio. Eliot alishukuru, ila hakuridhika. Alitaka picha nyingine, yenye masharubu na sigaa, yaani ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku ambayo ilikuwa sehemu ya sura ya Groucho kama vile fimbo ilivyo sehemu ya sura ya mzee. Hivyo ndivyo ulivyoanza urafiki ulioendelea kwa barua kwa muda wa miaka mitatu, ukawakutanisha wawili hao kwa chakula cha jioni jijini London mwezi Juni 1964, na kukatizwa na kifo cha Eliot tarehe 4 Januari 1965. Barua zenyewe si nyingi. Zilichapishwa katika kitabu The Groucho Letters (1967), na tangu hapo zimekuwa zikisimuliwa kama kioja: mshairi mgumu kuliko wote amekutana na mchekeshaji aliyependwa na kila mtu, basi tucheke.

Makala haya yanakusudia kuzisoma barua hizo kwa namna nyingine. Tunadai kwamba lugha yetu inalo neno ambalo wahakiki waliozishughulikia barua hizi kwa Kiingereza wamelikosa, nalo ndilo linaloufungua urafiki huu. Neno hilo ni utani. Utani si mzaha tu. Ni mzaha wenye kanuni, baina ya watu au jamii ambazo aghalabu zilipata kupigana zamani, na ambazo sasa zina ruhusa ya kutukanana pasipo kukasirikiana na, jambo ambalo watu husahau, wajibu wa kuzikana. Tutauliza iwapo Eliot na Groucho walikuwa watani kwa maana hiyo kamili, na kama walikuwa, ni jambo gani katika utani wao ambalo halikutamkwa.

Lakini kwanza yafaa tuifafanue sanaa iliyowaunganisha, kwa kuwa bila ya hiyo hawangekuwa na la kuandikiana. Tunaiita hapa maonyesho mseto. Huko Uingereza ilishamiri katika kumbi maalumu tangu katikati ya karne ya 19. Huko Marekani ilijulikana kwa jina la vodevili, nayo ilitawala burudani ya mijini hadi sinema yenye sauti ilipoififisha mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika jioni moja hadhira ilimtazama mwimbaji, mchekeshaji, mwanasarakasi, mfanya mazingaombwe, hata mbwa waliofunzwa, kila mmoja kwa dakika zake chache, pasipo kisa cha kuwaunganisha. Msuko haukuwapo, palikuwa na mfuatano tu. Msomaji aliyepata kuyaona maonyesho ya vikundi vya Tanzania kama vile Muungano na TOT katika miaka ya 1990, ambapo ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab vilifuatana usiku mmoja katika ua wa baa, anakijua kitu chenyewe hata kama hakulijua jina. Anajua pia kwamba hadhira ya namna hiyo hainyamazi. Huitikia, hutunza, na asiyeipendeza huzomewa.

Jambo hilo la hadhira ndilo lililomshika Eliot. Marie Lloyd, mwimbaji mchekeshaji aliyependwa kuliko wote katika kumbi za Uingereza, alifariki tarehe 7 Oktoba 1922. Katika mwezi huohuo shairi la The Waste Land lilitokea katika toleo la kwanza la The Criterion, jarida lililohaririwa na Eliot mwenyewe. Mtu angetarajia kwamba mwandishi wa shairi lile, lenye marejeo ya Kisanskriti, Kigiriki na Kiitaliano, asingekuwa na muda wa kumlilia mwimbaji wa nyimbo za mzaha. Kinyume chake, aliandika tanzia ambayo baadaye aliiingiza katika Selected Essays (1932), na ambayo kwa maoni yetu ina nadharia ya sanaa za maonyesho iliyo bora kuliko ile anayoieleza katika insha zake ndefu juu ya tamthilia ya kishairi. Hoja yake ni hii: mfanyakazi aliyekwenda kumtazama Marie Lloyd na kuitikia kiitikio cha wimbo wake alikuwa anatenda sehemu ya sanaa ile. Hakuwa mpokeaji. Ushirikiano huo wa hadhira na msanii, asema Eliot, ni wa lazima katika sanaa zote, nao huonekana wazi zaidi katika sanaa za jukwaani. Kisha anaonya kwamba mfanyakazi huyohuyo, akiingia katika jumba la sinema, atapokea pasipo kutoa.

Hapa kwetu hoja hiyo yakaribia kuwa jambo la kawaida. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa katika muhula wake wa kwanza kwamba fanani na hadhira huiumba kazi kwa pamoja, na akilisahau hilo katika mtihani hupoteza alama. Inavutia, basi, kumwona mshairi anayehesabiwa kuwa kilele cha maandishi magumu akiifikia kanuni hiyo kwa kuketi katika ukumbi wa London, na kuifikia kwa sababu alimwonea wivu mwimbaji. Wivu huo si dhana yetu. Tayari mwaka 1920, katika The Sacred Wood, alikuwa amedokeza kwamba pengine mchekeshaji wa kumbi hizo ndiye malighafi bora ya tamthilia mpya. Mwaka 1933, katika The Use of Poetry and the Use of Criticism, alisema wazi kuwa mshairi angependa kuwa na nafasi katika jamii yenye thamani sawa na ya mchekeshaji wa maonyesho mseto. Na rasimu ya The Waste Land, iliyochapishwa mwaka 1971, imetuonyesha kwamba shairi hilo awali lilifunguliwa kwa usiku wa ulevi mjini Boston, uliotiwa vipande vya nyimbo za mitaani. Ukurasa huo Eliot aliufuta. Inaelekea aliogopa kwamba shairi lingeonekana lilivyokuwa: mfuatano wa sauti mbalimbali zinazopanda jukwaani moja baada ya nyingine, kila moja kwa dakika zake chache.

Hata hivyo, mapenzi hayo yalikuwa ya mgeni. Eliot alizaliwa mwaka 1888 mjini St. Louis, mwana wa mkuu wa kampuni ya matofali. Alisoma Harvard, na mwaka huo wa 1922 alikuwa mfanyakazi wa benki London. Katika tanzia ile anasema kwamba watu wa tabaka la chini walijipata katika Marie Lloyd, na kwamba tabaka la kati halina msanii wa kulieleza hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa wa tabaka hilo lisilo na wake. Alikwenda ukumbini kuazima furaha ya wengine.

Kwa Groucho jukwaa halikuwa matembezi ya jioni; lilikuwa riziki. Alizaliwa mwaka 1890 jijini New York kwa jina la Julius Henry Marx, mtoto wa Wayahudi wahamiaji, baba akiwa fundi cherehani kutoka Alsace. Shule aliiacha mapema, na mwaka 1905 alipanda jukwaani. Ilimpasa yeye na ndugu zake kuzunguka katika miji mikubwa na midogo kwa karibu miaka ishirini kabla hawajafika Broadway mwaka 1924. Mwaka 1922, kabla ya kifo cha Marie Lloyd, walivuka bahari wakatumbuiza London katika ukumbi wa Coliseum. Yeye na Eliot, kwa hiyo, walikuwa pande mbili za taa zilezile. Lakini Groucho alikuwa na njaa yake. Mtoto aliyeikosa shule aligeuka msomaji asiyechoka, akaandika vitabu vyake mwenyewe, kikiwamo Groucho and Me (1959), na hakuna kitu kilichompendeza kama kuhesabiwa miongoni mwa waandishi. Ikiwa mshairi alimwonea wivu mchekeshaji, mchekeshaji naye alimwonea wivu mshairi, na wivu huo wa pande mbili ndio msingi wa urafiki tunaouzungumzia.

Papo hapo panazuka utata. Mwaka 1922 Eliot aliilaani sinema kwamba itawafanya watu wapokee bila kutoa. Miaka arobaini baadaye anayemwandikia barua ya mapenzi ni mtu mashuhuri wa sinema. Je, alibadili msimamo? Hatudhani. Filamu za mwanzo za Ndugu Marx ni maonyesho ya jukwaani yaliyohifadhiwa. The Cocoanuts (1929) na Animal Crackers (1930) zilichezwa kwanza Broadway. Vichekesho vya A Night at the Opera (1935) vilipelekwa ziarani na kujaribiwa mbele ya hadhira halisi kabla ya kupigwa filamu, ili waigizaji wajue kicheko kitachukua muda gani na wakiachie nafasi. Nafasi hizo zimo ndani ya filamu hadi leo. Aitazamaye peke yake husikia ukimya mfupi baada ya mzaha, mahali palipokusudiwa sauti yake. Tunapendekeza kwamba barua ya mwaka 1961 ni sauti hiyo. Mtazamaji aliyezuiwa na kioo cha sinema kuitikia kiitikio aliitikia kwa njia ya posta.

Tukizitazama barua zenyewe kwa upande wa fani, tunaona jinsi zilivyo karibu na utendaji wa jukwaani. Kila mmoja anapokea zamu yake na kuikabidhi. Eliot anaeleza kwamba picha ya rafiki yake itawekwa pamoja na za marafiki wengine mashuhuri kama W. B. Yeats na Paul Valéry. Baadaye analalamika kwamba wageni wake hawamtambui mtu yule mpaka waelezwe ni nani, kwa kuwa hana sigaa wala hazungushi macho. Groucho anaanza barua moja kwa kumwita Tom, kisha anaingiwa na wasiwasi kwamba huenda hilo si jina lake, na kujiliwaza kwamba alisoma mahali fulani kuwa mshairi huyu ana jina sawa na la mwanamasumbwi mmoja. Mwaka 1964, magazeti yalipotangaza kwamba Groucho amekuja London pamoja na mambo mengine kumwona Eliot, mshairi alimwandikia kwamba habari hiyo imempandishia hadhi mtaani, hasa kwa muuza mboga wa ng'ambo ya barabara.

Mbinu inayotumika hapa ni ile tunayoweza kuiita majigambo ya kinyume. Katika majigambo ya kawaida fanani hujikweza kwa sifa zake. Hapa kila mmoja hujishusha ili kumkweza mwenzake, na katika kujishusha huko hujikweza tena kwa mlango wa nyuma. Mshindi wa Nobel anayepata heshima kwa muuza mboga kwa hisani ya mchekeshaji amejidogosha, naam, lakini ni mtu mkubwa tu awezaye kujidogosha hivyo na sentensi ikanoga. Groucho, kwa upande wake, akimlinganisha Eliot na mwanamasumbwi, anajifanya mjinga asiyejua mashairi, ilhali ujinga wa namna hiyo unahitaji usomaji mwingi. Kwa hakika barua za Eliot zinashangaza zaidi. Sauti iliyomo si ya mhakiki wala ya mshairi. Ni ya mtu aliyepewa nafasi ya kucheza upande wa pili wa jozi, yule mnyoofu anayempokezea mchekeshaji mpira, na anayeifurahia kazi hiyo.

Chakula cha jioni cha Juni 1964 twakijua kwa simulizi ya Groucho, katika barua aliyomwandikia nduguye Gummo. Ikumbukwe kwamba msimulizi ni mchekeshaji wa kazi, na barua hiyo isomwe kama kazi ya fasihi. Kwa mujibu wake, Groucho alijiandaa kwa ziara hiyo kama mtahiniwa. Alisoma Murder in the Cathedral mara mbili na The Waste Land mara tatu, na endapo mazungumzo yangekwama, akaupitia na King Lear. Mara walipoanza kunywa na kimya kikaingia, alitupia nukuu ya The Waste Land. Eliot alitabasamu kidogo. Groucho akamgeukia King Lear na kumchambua mfalme yule kama mzee mpumbavu. Hilo nalo halikumsisimua mwenyeji, ambaye alitaka kuzungumzia Animal Crackers na A Night at the Opera, na akauliza kama mgeni wake anaikumbuka sehemu ya mahakamani katika Duck Soup. Groucho alikuwa ameisahau yote. Eliot akamnukulia mzaha wake mwenyewe. Sasa ikawa zamu ya Groucho kutabasamu kidogo.

Wengi huisoma simulizi hii kama kisa cha watu wawili waliopishana njiani. Ni zaidi ya hapo. Matabasamu mawili yale hafifu yanalingana kabisa, na ulinganifu huo ni wa kutungwa. Kila mmoja alikuja kama hadhira na kumkuta mwenziwe naye amekuja kama hadhira. Jukwaa lilikuwa tupu. Kwa nadharia ya Eliot ya mwaka 1922 hili ni janga la kipekee: viitikio viwili, na hakuna wa kuanza wimbo. Msomaji aliyekua akitazama Vioja Mahakamani kwenye televisheni ya taifa hahitaji kuelezwa kwa nini Eliot aliikumbuka mahakama ile miongoni mwa yote. Kichekesho cha mahakamani kilikuwa chakula cha kila siku cha maonyesho mseto, na katika Duck Soup (1933) mtawala wa nchi, aliyechezwa na Groucho, anaivuruga kesi ya jasusi kwa mizaha mpaka vita vinatangazwa. Eliot aliomba kionjo cha hicho mezani kwake. Alikataliwa na mtu ambaye usiku ule, pengine kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, hakutaka kuchekesha. Alitaka kuzungumza juu ya Shakespeare na mhariri mkuu wa ushairi wa Kiingereza. Wakabaki na mambo matatu ya kuwaunganisha, ambayo Groucho anayataja: sigaa nzuri, paka, na udhaifu wa kucheza na maneno.

Hapa ndipo tunapolirudia swali la utani. Lee Siegel, mhakiki wa Marekani aliyeandika juu ya barua hizi mwaka 2014, ameona ndani yake uhasama uliofunikwa kwa adabu. Tunakubali kwamba kuna ukali. Hatukubali jina alilolipa. Asiyejua utani akiwasikiliza watani wawili atadhani kuna ugomvi. Kumwita mshindi wa Nobel kwa jina la mwanamasumbwi ni kumpa nafasi ya mtani, na Eliot, kwa majibu yake, aliipokea nafasi hiyo kwa shukrani. Ila utani una sharti. Simulizi nyingi za asili ya utani baina ya makabila ya Tanzania hurejea vita na utekaji wa zamani, na mzaha wa watani hauanzi kwa kuvisahau vita hivyo. Huanza kwa kuvitaja. Mtani humwambia mwenziwe usoni: ninyi tuliwapiga, ninyi mlitukimbia, na aliyeambiwa hujibu. Je, baina ya wawili hawa palikuwa na vita?

Palikuwapo. Katika mashairi ya Eliot yaliyochapishwa mwaka 1920 limo moja ambalo kichwa chake chenyewe, Burbank with a Baedeker: Bleistein with a Cigar, humtambulisha Myahudi kwa sigaa yake, na ambalo humchora kama kiumbe kilicho karibu zaidi na mnyama kuliko mtu. Si shairi pekee la namna hiyo katika kitabu hicho. Mwaka 1933, mwaka uleule aliposema kwamba mshairi angetamani nafasi ya mchekeshaji, mwaka uleule wa Duck Soup na wa Hitler kushika madaraka Ujerumani, Eliot alitoa mihadhara Virginia ambamo alidai kwamba katika jamii aliyoitaka, idadi kubwa ya Wayahudi wasiofuata dini haikufaa. Mihadhara hiyo, After Strange Gods (1934), hakuiruhusu kuchapishwa tena, lakini hakuyakana maneno yale hadharani kwa uzito uliostahili. Kitabu cha Anthony Julius cha mwaka 1995 kimelichambua suala hili kwa mapana, na hatuna haja ya kuirudia kazi yake. Tunachotaka kukionyesha ni kwamba sanaa ya vodevili ambayo Eliot aliipenda ilijaa Wayahudi wahamiaji na watoto wao, watu haswa wa aina aliyoiwekea mpaka. Alitaka kiitikio, akataka na kupunguza idadi ya waimbaji.

Soma sasa tena ombi la mwaka 1961. Mshairi aliyepata kumchora Myahudi mwenye sigaa kama kitu cha kuchukiza anamwandikia Myahudi aliye hai na kumsihi ampelekee picha yake akiwa na sigaa. Ni vigumu kupata katika fasihi ya karne iliyopita alama moja iliyobadilishwa maana kiasi hiki na mkono uleule. Mtu anaweza kuliona tendo hili kama toba. Mwingine atasema kwamba Eliot alitaka kinyago na siyo mtu, kwa kuwa masharubu yale ya Groucho katika filamu za mwanzo yalikuwa ya kupaka rangi, na picha ya mtu halisi ilikuwa imekwisha kufika. Sisi tunaelemea upande wa pili kuliko wa kwanza, ingawa hatuoni kwamba unaifuta furaha ya kweli iliyomo katika barua zile. Jambo lililo bayana ni kwamba vita havikutajwa. Barua hukaribia mara moja tu, mwaka 1963, Groucho alipokuwa na safari ya Israel. Eliot anajibu kwa kusema kuwa anamwonea wivu na kwamba anaistahi sana nchi hiyo. Sentensi ni ya adabu. Mahali palipohitaji utani pameingia adabu, na kwa kipimo cha watani adabu ndiyo dalili ya deni lisilolipwa.

Msomaji wa Kiafrika ana la kuongeza, kwa kuwa naye yumo katika jukwaa hilo la zamani, hata kama hakualikwa mezani. Katika tanzia ya Marie Lloyd Eliot anamalizia kwa kurejelea uchunguzi wa W. H. R. Rivers juu ya watu wa Melanesia, waliokuwa wakipungua na kufa kwa sababu ustaarabu uliolazimishwa juu yao uliwanyang'anya kila kilichoyapa maisha yao ladha. Anatabiri kwamba Ulaya nayo, ikishaziua kumbi zake, itakufa kwa uchovu wa namna hiyo. Ni ukurasa wa kushangaza kwa wakati wake. Mtu wa koloni amefanywa kioo cha mkoloni. Lakini miaka minne baadaye, katika vipande vya Sweeney Agonistes, ambamo alijaribu kuutia mdundo wa maonyesho mseto katika tamthilia, waimbaji wake wawili wanachukua nafasi za Tambo na Bones, wahusika wa yale maonyesho ya Marekani ambamo wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwaiga na kuwacheka watu weusi. Groucho naye hakuwa mbali. Katika Animal Crackers, mojawapo ya filamu ambazo Eliot alizileta mezani mwaka 1964, anacheza Kapteni Spaulding, mpelelezi arudiye kutoka Afrika, na anaingia sebuleni akiwa amebebwa juu ya machela na watu weusi waliovishwa kishenzi. Anashuka, anagombana nao juu ya nauli, na hadhira inacheka. Wabebaji wanatoka nje ya picha.

Hatusemi hivi ili kuifukuza filamu ile darasani. Mzaha wa Spaulding unawakejeli pia matajiri wanaompokea na wapelelezi wa aina yake, na tashtiti hiyo bado ina makali. Tunasema tu kwamba unapoandikwa urafiki uliojengwa juu ya mapenzi ya sanaa fulani, ni haki kuuliza sanaa hiyo ilimbebesha nani mzigo. Eliot na Groucho walikuwa na deni baina yao, na wote wawili walikuwa na deni la pamoja kwa mtu wa tatu. La kwanza wangeweza kulitania wakalimaliza. La pili halikuwa na mtani wa kulitaja.

Tulisema kwamba utani una wajibu wa msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania mtani hufika kwenye mazishi akasaidia kazi na kufanya mzaha ambao ndugu wa marehemu hawaruhusiwi kuufanya. Huweza hata kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa. Eliot alifariki miezi saba baada ya chakula kile. Mwezi Juni 1965 ilifanyika jioni ya kumkumbuka katika ukumbi wa Globe, London, na miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwamo Groucho, mwenye umri wa miaka 74. Hakusoma The Waste Land, ambayo aliikariri kwa ajili ya mezani. Alisoma shairi la Gus, paka wa jumba la maonyesho, kutoka Old Possum's Book of Practical Cats (1939), kitabu alichowatungia watoto mtu aliyetaka kuwa mchekeshaji. Gus ni mzee anayetetemeka, aliyepata kuwa mwigizaji wa sifa, na kila akipewa kinywaji huanza kuhesabu majukumu aliyoyacheza na kulalamika kwamba michezo ya siku hizi si kama ya zamani. Ni shairi la mtu aliyeketi upande wa watazamaji maisha yake yote, na ambaye alijua kumsikiliza mzee wa jukwaani akikumbuka. Mwaka 1964 Groucho aliombwa akumbuke maneno yake mwenyewe, akadai ameyasahau. Mwaka mmoja baadaye alisimama mbele ya watu akayasema ya Eliot, na ukumbi ulikuwapo wa kumwitikia.